Moto wa Miwani ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alihamia kwetu akiwa na godoro, sufuria zake, Biblia ya Kiluba na miwani iliyovunjika katikati. Godoro na sufuria vilifika salama juu ya mkokoteni. Miwani aliikalia mwenyewe njiani: alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa, akaiweka juu ya gunia la unga, halafu alipochoka akaketi juu ya gunia hilohilo. Yeye alisema kosa ni la barabara. Mke wangu alisema kosa ni la gunia. Mimi sikusema kitu, kwa maana mimi na mama mkwe tulikuwa hatusemezani.

Hatukuwa tumegombana. Ilikuwa haya ya ukwe. Watu wa mke wangu ni Waluba wa kaskazini, na kwao mwanamume na mama wa mkewe hawaangaliani usoni, hawali pamoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Iko njia ya kuifungua haya hiyo: mkwe huleta mbuzi, wazee wakakaa, ikaisha. Sisi kila mwaka tulisema tutafanya mwaka ujao, maana haikutusumbua. Yeye alikaa Kasulo na sisi upande mwingine wa Kolwezi, na mimi nilimheshimu bila kutoa jasho. Kazi ilianza alipoingia katika nyumba ya vyumba viwili na choo kimoja.

Basi tukajiwekea taratibu. Mke wangu alitundika kitenge barazani kugawa upande wake na upande wangu. Anayetaka kupita anakohoa kwanza, mwingine anageuza uso ukutani mpaka hatua zipite. Watu wa nje wangedhani nyumba nzima ina kifua kikuu. Maneno yetu yalipitia kwa mke wangu, hata kama wote wawili tulisikiana vizuri. Na mke wangu akiwa sokoni, tulisema na kiti chake, kile cha plastiki alichokiacha pale kwenye ukingo wa kitenge.

"Kiti," mama angesema, "uulize bwana ya mutoto yangu kama mvua itanyesha."

"Kiti, uambie mama aanue nguo," nami ningejibu.

Nilizoea upesi, tena nilifurahi. Nyumba ilikuwa imenyamaza tangu watoto wetu waende kujitegemea, na sasa ilikuwa na mtu wa kuimba nyimbo za kanisa akichochea moto.

Kuhama kwake hakukuwa kwa kupenda. Jirani zake Kasulo walichimba kobalti chini ya nyumba zao, kisha, bila kumuuliza, chini ya nyumba yake. Siku moja akiwa anatwanga mihogo uani, alisikia ardhi ikimjibu: anapiga mchi juu, na huko chini kabisa kitu kinapiga tena. Alitwanga mpaka akamaliza, ili asionekane ameogopa, ndipo akamwita binti yake. Ufa ulikuwa umeshapanda kutoka kizingiti cha mlango hadi kwenye mabati.

Miwani ile alinunuliwa na marehemu mumewe, ambaye pia ndiye aliyemfundisha kusoma, wakiwa tayari wana watoto. Tangu hapo hakuwahi kunywa chai ya asubuhi kabla ya kusoma sura moja kwa sauti. Kwetu alijaribu kuendelea bila miwani. Alifungua Biblia magotini na kusema zaburi alizozijua kwa moyo, akigeuza kurasa kwa adabu mahali ambapo alifikiri zinageuka. Zaburi hizo zikaisha. Asubuhi moja nilisikia kurasa zinafunguliwa, halafu kimya, halafu kitabu kinafungwa.

Baada ya hapo akaanza kufunga kifurushi.

"Mi narudia kwangu kisha Pasaka," alimwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha kuvuka kitenge. "Huku mi niko mugeni, tena kipofu. Kule Kasulo najua kila kitu iko fasi gani, hata bila macho."

"Mama, ile nyumba iko tupu chini!"

"Chini, ndiyo. Mi nalalaka juu."

Mke wangu alitaka kuagiza miwani mingine Lubumbashi. Mama hakutaka kusikia. "Ile ya bwana yangu imekufa?" aliuliza. "Imevunjika tu."

Nasema wazi kwamba niliogopa. Nilijua nyumba ile, nilijua na yule mama: akisema baada ya Pasaka, ni baada ya Pasaka. Angelala juu ya shimo lile na kutwanga mihogo yake mpaka siku shimo litakapochoka kumbeba. Nikamwambia mke wangu aniletee miwani.

Niliifunga kwa uzi na gundi, ikashika mpaka alipocheka. Nikaweka bati la kulehemu la fundi wa redio, likashika vizuri zaidi, likaachia kanisani katikati ya wimbo. Fundi wa kuchomelea wa Musonoi, mtu mwema, aliliangalia lile daraja jembamba la pua, akaangalia mdomo wa mashine yake, akanirudishia miwani mkononi. Moto wake ungeyeyusha fremu yote kabla ya kupata kuiunga. Nilihitaji moto mdogo na mkali, wa kugusa mahali pamoja tu.

Moto huo niliuona kwenye simu. Mtu wa nchi nyingine alipitisha umeme ndani ya maji, yakatoka hidrojeni na oksijeni, akaziwasha kwenye ncha ya sindano, akapata mwali usiozidi punje ya mchele. Nilicheka peke yangu. Umeme ndani ya maji! Mimi maisha yangu ya kazi niliyamalizia katika ukumbi wa elektrolizi wa kampuni ya madini, mahali ambapo umeme unapita ndani ya bafu la asidi na kuilaza shaba juu ya mabamba. Hapa Kolwezi hata muuza karanga anajua elektrolizi ni nini. Nikajiona nimeshamaliza.

Nilichukua bidoni, dumu jeupe la mafuta. Upande wa chanya nikaweka mabamba ya risasi niliyoyayeyusha kutoka betri kuukuu, upande wa hasi vipande vya inoksi, chuma kisichoshika kutu, vya sinki iliyotupwa, ndani nikatia asidi ya betri iliyopunguzwa kwa maji, na umeme ukatoka kwenye chaja ya betri za gari. Mabamba ya risasi niliyaning'iniza kwa tepe za shaba. Shaba ndiyo inayopitisha umeme vizuri, na kwetu haikosekani hata chini ya kitanda. Kifuniko nilikiziba kwa mpira wa tairi. Gesi ilipita kwenye bomba mpaka ndani ya chupa ya maji, ili moto ukirudi nyuma uzimikie humo badala ya kunilipukia usoni, kisha ikatokea kwenye sindano ya kujazia mipira ya kandanda.

Mke wangu alizunguka kile kitu pande zote.

"Tata, umejenga kampuni mu lupango," alisema, akionyesha kiwanja chetu. "Ile ya kwanza haikukutosha?"

Siku ya kwanza ilifanya kazi. Chupa ilibubujika, nikawasha, na mwali ukasimama. Mchana hauonekani vizuri, niliutambua kwa ncha ya waya iliyogeuka nyekundu. Ila ulikuwa dhaifu kidogo kuyeyusha kipande cha fimbo ya fedha ya kuungia nilichopewa na fundi wa friji. Nilihitaji gesi zaidi. Nikaongeza maji ya asidi mpaka karibu na kifuniko, ili mabamba yazame yote, kwa sababu bamba likizama zaidi hutoa gesi zaidi. Niliridhika na hesabu yangu, nikaenda kula bukari, ugali wetu.

Kesho yake gesi ikapungua, na siku iliyofuata ikapungua tena. Gesi ikiwa chache mwali unakuwa mvivu, unajivuta ndani ya sindano na kukimbilia kwenye chupa ya maji, na huko unalia pah! Kuku walitawanyika. Ng'ambo ya kitenge mama alimwita Yesu.

Nilianza kutafuta. Nilipaka povu la sabuni kuzunguka kifuniko, nikaona mahali panapovuja, nikapaziba, gesi haikuongezeka. Nikakwangua vibanio vya chaja mpaka vikang'aa. Nikafikiri ni umeme wa mtaa, ambao jioni kila mtu anapika na taa zinabaki kama mishumaa, nikahamishia kazi mchana. Nikalifungua bomba nione kama limeziba, halikuziba. Mwishowe niliazima kipimo cha umeme, na hicho ndicho kilichonichanganya kabisa. Umeme uliokuwa unaingia haukuwa mdogo. Ulikuwa mwingi kuliko siku ya kwanza. Kazini niliwaambia vijana mara nyingi kwamba umeme ukiingia katika bafu haukai bure, lazima uko mahali unafanya kazi. Sasa nilizunguka bidoni nikijiuliza uko wapi.

Na bafu lenyewe lilikuwa zuri. Hapa ndipo pa kunicheka, nami nawaruhusu. Katika ukumbi wetu tuliangalia rangi kabla ya kuangalia kitu kingine. Bafu la buluu iliyokolea lina afya, mkubwa hafiki, unaweza kukaa. Likipauka, shaba imepungua, na mnaanza kuitana. Kwa hiyo asubuhi moja maji yangu yalipoanza kuwa na rangi, moyo ulitulia. Nilijiambia: hata kama mengine yote ni mabaya, angalau bafu liko sawa. Nikawa naenda kulitazama mara kwa mara ili kujifariji. Jua likipita kwenye ile bidoni nyeupe, buluu yake ilipendeza hasa.

Hata mapovu yalipokwisha, hilo halikunishtua ilivyopasa. Povu kazini lilikuwa adui. Lilirusha mvuke wa asidi uliotukwaruza koo, tukamwaga vitufe vya plastiki juu ya bafu kulinyamazisha. Miaka yote nilipigania bafu tulivu, na sasa nilikuwa nalo moja, tulivu kabisa, langu mwenyewe.

Pasaka ilikaribia. Kifurushi kilisimama karibu na mlango, na kila nilipopita kilikuwa kimenenepa. Siku moja sikuiona Biblia mahali pake kabatini. Mke wangu aliniambia imeshaingia kifurushini, akaenda sokoni bila kunitania, nami nikajua hana matumaini tena.

Tulibaki wawili. Mimi nilikuwa upande wangu na bidoni, mama upande wake akichambua maharagwe kwa vidole, maana macho hayakumsaidia. Upepo ukanyanyua kitenge mpaka juu. Niligeuza uso ukutani haraka, kama inavyotakiwa, na najua naye aligeuka, ila si kabla ya kuona kitu. Kitenge kikashuka. Akakohoa.

"Kiti," alisema, "uulize bwana ya mutoto yangu. Ile maji yake iko bulu juu ya nini?"

"Kiti," nilijibu kwa fahari, "uambie mama, bafu ikiwa muzuri njo inakuwaka vile."

Maharagwe yakaanguka kwenye sufuria, moja moja.

"Bwana yangu alikuwa anarudiaka toka ku kampuni na ile bulu mu suruali," alisema tena. "Mi nilifuaka, haikutoka. Ile ni bulu ya shaba." "Kiti, uulize tena. Ule muntu eko natafuta shaba ao eko natafuta moto?"

Nilichomoa chaja, nikafungua kifuniko, nikasubiri gesi itawanyike na upepo, kisha nikavuta bamba moja la inoksi.

Lilikuwa limevaa shaba. Pande zote mbili, shaba ya rangi ya waridi, yenye chembechembe pembeni, kama tulivyokuwa tunaivuna kazini. Nikaingiza ukucha kwenye ukingo na ngozi yote ikabanduka kwa ile sauti niliyoijua. Nikavuta mabamba ya risasi. Tepe zilizoyashika, zile nilizozizamisha mwenyewe nilipoongeza maji, zilikuwa zimeliwa zikabaki nyembamba kama sabuni ya mwisho bafuni. Basi umeme ulikuwa huko. Ulichukua shaba ya tepe upande huu, ukaipitisha ndani ya maji, ukailaza upande ule, na ukiwa na mzigo huo haukuwa na nafasi ya kutengeneza gesi. Bidoni yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa nimejenga ukumbi wetu wa kazi upya, mdogo, na wenyewe ukafanya kazi uliyozaliwa kuifanya.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Ng'ambo ya pili mama naye akaanza kucheka, bila kujua anacheka nini, na kadiri alivyocheka ndivyo nilivyoshindwa kunyamaza. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwetu kucheka pamoja.

"Kiti," nilisema nilipopata pumzi, "uambie mama: kumbe mi nilikuwa natafuta shaba."

Maji yale ya buluu niliyatuliza kwa chokaa ndani ya pipa bovu. Nikatengeneza tepe mpya za risasi tupu, nikaziyeyushia juu ya mabamba hayohayo, na shaba nikaiacha nje ya kifuniko, nikiipaka nta ya mshumaa ili hata mvuke wa asidi usiiguse. Nikabandua inoksi zote mpaka zikawa nyeupe. Nikatia asidi mpya isiyo na rangi. Nilipounganisha chaja, maji yalichafuka mara moja kwa mapovu, meupe kama maji ya kuoshea mchele, yakivuma na kuchemka. Lilikuwa bafu baya kuliko yote niliyowahi kusimamia, na nililipenda.

Mwali ulisimama kwenye sindano bila kurudi. Mke wangu alishika fremu kwa kibanio, vioo tukiwa tumevitoa, akigeuza uso pembeni kwa sababu hakuuamini moto asiouona. Daraja likageuka jekundu, fedha ikakimbilia kwenye ufa yenyewe, nikaondoa moto. Nilitamani kusema kazi ilikuwa safi. Ilibaki na kinundu katikati, kikubwa kiasi cha punje ya mahindi, na nilipotaka kukisugua mke wangu aliniondolea miwani mikononi.

"Acha hivi. Kisha utavunja tena," alisema, akaipeleka ng'ambo ya kitenge.

Jioni ile mke wangu aliporudi alitabasamu tu akapakua chakula.

Asubuhi nilikuwa nje na chai yangu. Ng'ambo ya pili kurasa zikafunguliwa, na sauti ya mama ikaanza. Haikuwa zaburi. Alikuwa anasoma ukoo, fulani alimzaa fulani, fulani naye akamzaa fulani, ile orodha ndefu ambayo hakuna mtu duniani aliyeijua kwa moyo. Alijikwaa kwenye jina moja, akarudi, akalisoma tena sawasawa. Niliweka kikombe chini. Machozi yalinitoka, na nikayaacha.

Alipomaliza, kitenge kilivutwa. Sikusikia kukohoa, basi nikadhani ni mke wangu. Kisha nikaona miguu. Miguu ya mama mkwe nilikuwa naijua vizuri sana, maana kwa miaka mingi ndiyo sehemu yake pekee niliyoruhusiwa kuiona. Nikaanza kugeukia ukuta.

"Baki hivyo," alisema.

Hakusema na kiti. Alikuwa amekibeba kiti chenyewe mkononi. Alikiweka mbele yangu, akakikalia.

"Angalia huku."

"Mama," nilisema nikiangalia chini, "na haya ya ukwe?"

"Haya tuliiheshimia sana. Ile miwani njo mbuzi yako."

Nikainua uso. Aliniangalia muda mrefu, kwa makini, jinsi alivyokuwa amesoma yale majina. Kile kinundu changu kilikaa katikati ya pua yake kama kitu alichozaliwa nacho. Mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa kijana mwembamba aliyekuja kuposa.

"Eh!" alisema. "Kumbe uko muzee."

Nami nilikuwa namwangalia. Macho yaliyo nyuma ya vioo vile yalikuwa macho ya mke wangu, yaleyale, hata namna ya kujifinya kidogo kabla ya kucheka. Nilikuwa nimeishi na macho hayo tangu ujana na sikuwa nimeona yalikotoka.

"Mama," niliuliza, "na kifurushi?"

"Biblia nilitoa jana," alisema. "Bingine bimebaki. Mafundo nilikaza sana, mikono yangu haiwezi."

Nikaingia ndani, nikapiga magoti karibu na mlango, nikaanza kufungua. Alinifuata na kiti chake. Nilitoa sufuria, nikatoa kitenge cha kanisani, nikatoa mchi wake mfupi, na kila kimoja nilimpa mkononi.